Nyuki Walionyamaza kwa Moshi

Mke wangu Bibi Kabula,

Mwangaluka. Na shikamoo pia, maana hata mume mwenye maringo kama mimi anajua adabu.

Niliishia kidato cha pili lakini mwandiko ninao, hata mwalimu aliyenifukuza alikiri. Leo naandika kwa sababu nimepigwa marufuku kusema. Niko Mwanza, hospitali ileile, kwenye benchi lilelile ulilokalia ukawauliza manesi kama wana mume wa akiba, maana huyu wako ana kelele. Binti yako, mama yangu, yuko chumba cha upasuaji. Kabla hawajamsukuma ndani alininyooshea kidole: "Shija, mpaka nitoke, sitaki kusikia neno lako hata moja." Basi naongea na wewe. Wewe huwezi kunikataza tena.

Samahani. Utani huo umetoka vibaya.

Ndiyo hivyo, Bibi. Ugonjwa wako umemfuata Mama. Aliukuta uvimbe akiwa anaoga, na hakuuficha chini ya khanga kama ulivyofanya wewe. Aliniita siku hiyohiyo. Walichukua kinyama wakakipima, wakakuta seli zake zina alama ileile waliyoikuta kwako. Kwa hiyo na yeye wakampa dawa mbili kwa pamoja, kwanza dawa, kisu baadaye. Unakumbuka daktari alivyokueleza, yule mama mwenye miwani, nami nikarukia kukutafsiria kama vile chuo cha udaktari nimekijenga mimi? Nikakwambia, hii ya kwanza ni moto wa kuchoma pori, unaunguza na visivyohusika, ndiyo maana nywele zitakwenda. Ya pili ni mbwa wa kuwinda aliyeonyeshwa harufu moja, anaitafuta hiyohiyo. Vinaingia pamoja uvimbe unywee, ndipo mpasuaji amalizie. Daktari alicheka, akasema nimeeleza vizuri. Nilivimba kichwa njia nzima mpaka Nzega.

Na walipokuwa wanakupima moyo kila baada ya muda, wakisema kwamba yule mbwa wakati mwingine huusumbua, ukasema, "Moyo huu ulishasumbuliwa na babu yako, hauogopi mbwa." Dripu ikikuchosha nilikuchokoza: babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, wewe unashindwa kubeba sindano? Ukanijibu ukiwa umefumba macho, "Babu zako walibeba kimya. Wewe unabeba maneno tu."

Neno hilo nimelilalia tangu tulipokuzika.

Maana uvimbe ulinywea kweli, Bibi. Ulinywea mpaka ukaupapasa ukaukosa, ukaniita ukicheka kama msichana. Na mimi nikafanya nini? Nikakupandisha pikipiki nikakuzungusha mtaa wetu wa Isevya mzima, honi mkononi, kwenye kila kibanda napiga kelele: "Mke wangu amepona! Nani alisema kansa haitoki?" Daktari alikuwa ametuambia, tena mara mbili, kwamba kutoushika si kwamba haupo, na tarehe ya upasuaji ikapangwa. Nesi alipopiga simu kuuliza mbona hatujafika, niliipokea mimi. Nikamjibu kwa mbwembwe, "Dada, mgonjwa wako yuko shambani Isikizya anapalilia karanga. Mtafute mwingine wa kumkata."

Uliisikia simu ile. Ulicheka. Mimi nimebaki na kicheko hicho, na sijui nikiweke wapi.

Ulivyorudi ule uvimbe haukurudi peke yake. Daktari hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Na siku ya mazishi watu walinisubiri. Unajua desturi, wajukuu ndio wenye bibi yao. Nilitakiwa nizuie jeneza, nidai mke wangu haendi popote, nikuigize unavyotembea umeshika kiuno, watu wacheke katikati ya kilio. Mjomba akanisukuma mgongoni, "Haya, mume, mbona umelala?" Nikasimama tu pale kama gogo. Mimi! Shija! Wakasema ni uchungu. Mama peke yake ndiye aliyeniangalia akajua kwamba siyo uchungu mtupu. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo.

Mpaka juzi. Juzi na yeye alijipapasa akakosa kitu. Akafunga mkoba wake. "Twende nyumbani. Uvimbe haupo. Watanikata nini, hewa?" Nikamwambia hapana Mama, lazima wakate. Akasimama, akanitazama. "Leo lazima? Si wewe uliyempigia mama yangu honi?"

Nilitaka kumjibu maneno ya daktari, yakakataa kutoka, maana niliyafahamu hata safari ile na hayakunisaidia. Nikamwambia la kazini kwetu. Nikasema, Mama, mimi ni mrina asali. Nikiufukizia mzinga moshi, nyuki wananyamaza. Ukiweka sikio utaapa wamehama. Mjinga anatia mkono mtupu, kisha anaipata habari yake. Mimi sijawahi kutia mkono mtupu kwenye mzinga hata siku moja. Lakini kwenye titi la Bibi niliutia. Nyuki walikuwa wamenyamaza tu, Mama. Nikawaambia watu wamehama.

Akakaa chini. Alilia kidogo, mimi nikalia sana, unanijua. Halafu akasema, "Na yeye alikuwa mtu mzima, Shija. Pikipiki aliipanda mwenyewe." Sikujua nishukuru au nikatae. Akaufungua mkoba, akatoa khanga yako ile ya njano, akasema ataingia, ila kwa sharti hilo la mdomo wangu.

Mlango bado umefungwa. Mzee wa benchi la jirani ameniuliza sijui mara ngapi kama mimi ni bubu, namwonyesha kalamu.

Sasa nisikilize, mke wangu. Akitoka salama sitapiga honi. Ile dawa ya mbwa itaendelea hata baada ya kidonda kupona, daktari amesema, na kila safari ya kuja kuchomwa nitakuwa pembeni yake nimebeba mkoba. Isevya wakiniuliza amepona, nitawajibu bado tunafukiza. Siku daktari mwenyewe atakaposema basi, tutakuja wote wawili kaburini kwako, nitashika kiuno, nitatembea ule mwendo wako, nikudai mbele ya mji mzima, kwa kelele zote nilizozibana.

Lala, Bibi Kabula. Mpaka siku hiyo nabeba kimya.

Mumeo wa maneno,
Shija