Muzabibu wa Babu Amadi

Rafiki yangu Mawazo, mama amenieleza sasa hivi mambo ya bibi Kulthumu. Niko nalia.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Bwana yake Amadi alikufa, akamuachia muzabibu alioupanda mwenyewe nyumbani kwao Katuba. Mara majani yakaanza kuungua pembeni, zabibu zikakauka. Bibi akafikiri ni kiu. Akamwagilia kila siku. Kila siku, Mawazo.

Agronomu, yule fundi wa mimea, akaja, akapasua tawi. "Mama, haiko kiu. Ugonjwa iko ndani ya muti. Kadudu kananyonya muti mugonjwa, kanaruka, kanaambukiza mwingine. Dawa hakuna. Ung'oe, uchome."

Bibi akauliza, "Na tawi nililokata hapa, nikamupa mutoto wangu akapande?"

"Hata ile."

Huyo mutoto ni mama yangu. Aliupanda kule Mokambo alipoolewa. Bibi akapanda lori, akaukuta mubichi kabisa, na zabibu zake za kwanza zimeiva.

Mama akamuambia, "Lakini iko muzima."

"Bado tu. Na jirani yako iko na muzabibu wake."

Bibi akachuma zabibu zote, akamuwekea mama mapajani. "Kula. Ni za baba yako."

Mama akakula akilia. Bibi akashika jembe, akaanza kuchimba shina.