Mpunga Usiotiwa Kiu

Morogoro, 2 Februari 2003

Mama yangu Bi Mwatima,

Shikamoo. Natumai kifua kimepoa, na jirani yetu Bi Time bado anakugombeza ukienda bondeni kwenye mpunga bila ya chai. Mimi mzima, ila joto la huku linanichosha.

Mbegu ya mpunga wa marehemu bibi imefika salama. Nimeipanda chuoni kwenye vyungu, kisha vingine nikavikatia maji. Mizizi ikihisi udongo umekauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki. Homoni hiyo huyafikia majani, na vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia hufungwa ili maji yasitoke. Huamsha pia jeni, yaani amri za urithi zilizomo ndani ya mmea, nao huanza kujikinga. Lakini mpunga wangu unachelewa kufunga, unakufa. Wako hapo Msuka husimama wiki nne bila ya mvua. Kuna jambo unalifanya?

Mwanao,
Mwanawema


Msuka, 21 Februari 2003

Mwanangu Mwanawema,

Marahaba. Kifua kinakuja kinakwenda, alhamdulillahi. Bi Time anakusalimu, na anauliza ni chuo gani hicho kinachomsomesha mtu wali aliokula tangu hajaota meno.

Jambo lipo, na wewe ulilifanya kwa mikono yako ulipokuwa mdogo, umesahau tu. Miche ikiwa kitaluni tunaitia kiu. Siku tatu huipi maji, mpaka majani yajikunje. Hapo unainywesha, kisha unarudia tena mara mbili, ndipo tunapandikiza. Bibi yako akisema mche usioonja kiu utotoni utakufa nayo ukubwani. Haya, mwambie mwalimu wako.

Mamako,
Mwatima


Morogoro, 14 Disemba 2005

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje, na macho je? Nisamehe kwa kimya changu, nilikuwa naandika kitabu changu cha mtihani wa mwisho. Shahada nimepata, mama.

Lipo na la pili. Mbegu ya bibi tumeizidisha. Bwana shamba, Abrahman, ataileta Msuka, wanawake arobaini wapewe bure. Itakuja na karatasi ya maelekezo niliyoiandika mimi, jina langu lipo chini. Waambie waifuate neno kwa neno.

Mwanao,
Mwanawema


Morogoro, 3 Juni 2006

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili hukuzijibu. Unaumwa? Nasikia mvua ilikatika Aprili. Hapa wananiuliza mabonde mangapi yamesimama.

Mwanao,
Mwanawema


Msuka, 19 Juni 2006

Mwanawema,

Marahaba. Mwili mzima.

Hakuna bonde lililosimama. Karatasi yako ilisema kitalu kimwagiwe maji asubuhi na jioni, kila siku, mpaka siku ya kupandikiza. Bi Time aliniuliza, "Mwatima, mbona mara hii hatuutii kiu?" Nikamjibu, "Mwanangu kaandika hivi. Weye wamshinda kusoma?" Nilijua si desturi yetu. Lakini niliona jina lako pale chini, nikasema labda kiu hiyo mmeshaitia huko huko ndani ya mbegu. Kiburi changu hicho. Hata kitalu changu nilikimwagia.

Mvua ilikatika wiki tano. Wanawake wamewapa mbuzi mabua. Mbegu zao za zamani walishazila, maana Abrahman aliwaambia hawatazihitaji tena. Naona haya kupita njiani.

Nakuuliza moja, unijibu kweli. Barua yangu ya kutia kiu uliipata?

Mamako,
Mwatima


Morogoro, 2 Julai 2006

Mama yangu,

Shikamoo. Niliipata. Nilijaribu pia. Vyungu nilivyovitia kiu vilisimama vyote. Ukame wa pili ulipokuja, majani yalifunga mapema na zile jeni ziliamka upesi, kama mtu aliyekwishagongewa mlango ule ule. Niliyaandika hayo, kitabuni na katika karatasi ile. Mwalimu wangu akasema vyungu ni vichache, na mradi ni wa mbegu, si wa mila za vikongwe. Niliifuta mistari ile mwenyewe, mama, kwa sababu niliitaka shahada. Nikajiambia wewe utawafundisha, na huku nilishakuandikia waifuate neno kwa neno.

Nakuja mwezi huu niwaombe radhi.

Mwanao,
Mwanawema


Msuka, 15 Julai 2006

Mwanawema,

Usije.

Wanawake walikuja kwangu Ijumaa baada ya sala, wakauliza karatasi ilikosea wapi. Niliwaambia kosa si lako. Niliwaambia uliniandikia baadaye kwamba mstari wa maji usifuatwe, niwakumbushe kuutia kiu mpunga, mimi nikasahau. Bi Time alinitazama sana. Miaka thelathini tumepanda pamoja, anajua hilo siwezi kulisahau. Anaamini nilinyamaza kusudi. Leo asubuhi walikwenda Tumbe kuomba mbegu kwa ndugu zao, na mimi hawakunipitia.

Ukiwaambia kweli sasa, watakuwa na wawili wa kuwachukia. Mmoja anatosha, na mimi ndiye ninayeishi nao. Nimefanya hivyo kwa kuwa nimekuzaa. Kukusamehe, sijakusamehe.

Mwatima binti Himid