Mama Mukwe Hakuharibu Bega Langu

Kwa Yaya Wilondja, mukubwa wangu, kule Lweba,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Muko je? Bunduki zimetulia kidogo? Kifua cha shemeji kimepona? Mimi niko, namushukuru Mungu, lakini nimechoka. Hapa ng'ambo ya ziwa, kambini karibu na Kigoma, usingizi ni wa vipande na chakula ni ugali wa mahindi tu. Usishangae maandishi kuinama, naandika na mukono wa kushoto. Wa kuume ungali umefungwa.

Barua yako ilifika na bachuuzi ba samaki bakitoka Kazimia. Unasema familia ilikaa, ikaamua muke wangu arudi kwao pamoja na mama yake, juu mama mukwe alinigusa mwili, na kwetu ni mwiko mama mukwe kumugusa mukwe wake. Yaya, nilisoma nikakosa hata nguvu ya kukasirika.

Siku ile ya kukimbia, wewe ulikuwa umetangulia na batoto. Nilisukuma mutumbwi, bega likatoka. Pale kwenye muchanga hakukuwa mutu mwingine anayejua kurudisha kiungo. Mama Esta, huyo mama mukwe wangu, akasema, "Mukwe, unisamehe, nafunga macho." Akafunga kweli, akavuta, bega likarudi. Nikapiga kafi mpaka Kazimia. Mukono ulipoanza kufa baadaye, mukasema mwiko umenilipa, nami nikavuka ziwa kutafuta dokta.

Sasa sikia. Juma lililopita balinipasua. Dokta, Mutanzania mumoja mucheshi, alikuja kitandani.

"Mzee, umenitoa jasho," akasema. "Ule mshipa wa nyama ya kifua, kwa watu wengi huishia hapa mbele ya bega, kwenye mfupa uliochongoka kama mdomo wa ndege. Wako umeupita mfupa huo, ukaenda kujishika ndani kabisa, kwenye kiungo. Nilidhani ni kovu, na kisu ninacho mkononi. Bahati nikaufuata kwanza kwa kidole mpaka mwisho. Ningekata bila kujua, ningekuharibu."

Nikamuuliza, "Ni mama mukwe ndiye aliuvuta mpaka pale?"

Akacheka mpaka muuguzi akageuka. "Alikuvuta ungali tumboni mwa mama yako? Mfupa wenyewe una mfereji laini pale mshipa unapopita. Huo ni wa tangu utoto. Umezaliwa hivyo, mzee! Kila ulipoinua mkono ulikuwa unasugua, ukachakaza mishipa ya chini yake."

Na usianze sasa kusema ni kosa ya marehemu mama yetu. Mungu hafyatui batu kama matofali.

Dokta anasema mukono utafika kinywani, pengine kichwani. Kupiga kafi, hajui. Niliomba, nililia, sasa najizoeza mukono wa kushoto.

Lakini muke wangu asitoke. Kwao ni Nundu, na barabara ile imejaa benye bunduki. Bamama babili peke yao, Yaya, batapita wapi? Hata ningekufa na bega hili, bakae nyumbani mwangu.

Unisalimie shemeji, na Neema binti yangu, amusaidie mama yake mashamba. Pasta na bamama ba kwaya, basiache kuniombea.

Kwa mama mukwe, usitume mutu. Enda mwenyewe, simama nje ya mulango kama inavyofaa, umwambie: Etabo anasema ulivuta vizuri.

Mudogo wako,
Etabo