Nakshi kwenye shela la dada

Pokea simu! Basi soma. Nimejificha kwenye choo cha duka la mashela.

Yule mpiga picha niliyembebea taa mwaka mzima naye amekuja kuomba kazi hii hii niliyokuja kuomba, ya kupiga picha za duka. Kafungua kompyuta mbele ya mama mwenye duka. Picha ya kwanza, yangu! Dada yangu siku ya harusi yake! Jina langu la pembeni mwa picha kalikata, kaweka lake, jekundu.

Nikasema kwa sauti ya mbu, "Samahani kaka, hiyo nimepiga mimi."

Akacheka. "Mdogo wangu, siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha."

Mdogo wangu! Mwizi ananiita mdogo wangu!

Unakumbuka uliponilazimisha niweke jina la pili, hafifu, katikati ya shela, kwa sababu la pembeni hukatwa? "Picha na Kimya", jina ulilonipa kwa kunitania. Mwizi hakuwahi kulisoma. Mama mwenye duka akavaa miwani. "Hiki nini hapa?"

"Nakshi hiyo, mama. Shela la bei mbaya."

NAKSHI! Anamwambia muuza mashela!

Mama akasoma taratibu, "Pi-cha na Ki-mya." Akamtazama. "Kimya ndiye fundi aliyedarizi?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Ni mimi, mama. Na shela la dada yangu halina nakshi hata moja."

Unajua jamaa kaninong'oneza nini? "Mwambie tulipiga pamoja. Nitetee."

Nikamjibu, "Samahani kaka, mimi ni Kimya."