Kura za Kiti cha Msusi

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo wako umepunguza makelele. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kusoma maandishi madogo kiwandani, pale uchapaji, mchana kutwa. Unaijua kazi ya msahihishaji: kila neno analishuku mpaka lijitetee.

Nina habari. "Aliyebaki Nyumbani", ile riwaya yangu niliyokutumia mwaka jana, imeingia kwenye tuzo ya wasomaji. Vitabu vitano vimebaki, na hakuna majaji. Wasomaji wenyewe ndio wanaopiga kura kwa simu. Unatuma jina la kitabu, kisha unaandika sentensi moja kueleza ni wapi kilipokugusa. Hiyo sentensi wameiweka makusudi, ili asipige kura mtu aliyeona jalada tu dirishani. Mchapishaji wangu ameniambia bila kuzunguka kwamba hii ikishinda ataitoa na riwaya yangu ya pili. Isiposhinda, mswada nitaulalia mwenyewe.

Sikuombi unipigie debe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Tangu nikutumie kitabu hujasema lolote, zuri wala baya, na si kawaida yako kukaa kimya hata pale unapopaswa. Umekisoma? Au umekifanya cha kuzuilia mlango?

Mdogo wako

---

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila jioni unanikumbusha kwamba mimi si binti tena. Saluni inakwenda. Paka wa jirani amezalia kwenye boksi langu la nywele za bandia, na sasa wateja wanakuja kuangalia watoto wa paka wakijifanya wamekuja kuuliza bei.

Kitabu nimekisoma. Chote, hata ule ukurasa wa mbele wa kushukuru watu, ambamo mimi simo.

Sasa nami nikuulize. Huyo msusi wa kwenye kitabu, anayekaa na mama yake mgonjwa, akauficha ugonjwa kwa kumwonea wivu mdogo wake aliyeko chuoni, mpaka huyo mdogo anafika siku ya mazishi, ni nani? Najua utasema ni mtu wa kubuni. Mtu wa kubuni ana pengo la jino upande uleule kama mimi? Akimaliza kusuka anampiga mteja kofi la bega, kama mimi? Na kule mwishoni, mdogo mtu anamkuta mama amelazwa jenezani, nywele zimesukwa upya, anasema moyoni, "Dada alipata muda wa kusuka, muda wa kunipigia simu akakosa." Sentensi hiyo niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Tangu tumzike mama unanijibu kwa mkato. Nilidhani ni kazi nyingi. Kumbe ulikuwa unaandika.

Kuhusu kura, usihangaike. Wateja wangu wanakijua kitabu chako nje ndani. Wengine wanalia kwenye kiti mpaka nawaambia watulie, wananipindishia mistari ya nywele. Watapiga.

Dada yako, yule wa kubuni

---

Tarehe 11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na paka pia. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Naandika roho ikiwa juu. Jana katibu wa tuzo alinipigia simu kazini. Alikuwa na adabu nyingi, ile adabu ya mwenye duka anayekufuata kila rafu unayoisogelea. Anasema kitabu changu kilikuwa cha nne, ghafla kikaruka mpaka juu, na karibu kura zote hizo zimetoka mjini kwetu. Hilo peke yake lingepita. Shida ni zile sentensi. Alinisomea. Mmoja kaguswa pale mama anapomshika msusi mkono na kumwambia asimwite mdogo wake mpaka amalize mitihani. Mwingine kaguswa palepale. Mwingine kalia pale mama anapoomba asukwe, ili bintiye akija asimkute anatisha. Wote wanasifu mahali pamoja.

Mahali hapo hapamo kwenye kitabu changu. Nimekisoma upya neno kwa neno, kana kwamba kimeandikwa na adui yangu. Hapamo. Katibu anaamini kuna mtu amekaa na rundo la simu anatunga sentensi, na kitabu chenyewe hajakifungua. Anataka maelezo yangu kabla kura hazijafungwa, la sivyo atakitoa kitabu na kutangaza sababu hadharani. Hapo hata kiwandani sitabaki. Nani atampa mwongo karatasi za kusahihisha?

Sitazunguka. Simu zote hizo zimepita mikononi mwa nani kama si mwako? Wateja wako wanazilaza mezani wakiwa wameinamishwa vichwa. Kama umefanya kwa kunisaidia, umenizika. Kama umefanya kwa hasira ya ule ukurasa wa shukrani, umefanikiwa. Niambie ni lipi.

Mdogo wako

---

Tarehe 18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na leo salamu zinaishia hapo, maana damu inanichemka.

Sijagusa simu ya mtu. Mikono yangu ina mafuta kutwa nzima, hata simu yangu mwenyewe hainitii. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha uendelee kushuku ukiwa na habari kamili.

Kusuka nywele nyembamba ni kazi ya asubuhi mpaka alasiri. Mteja hawezi kusoma, kichwa kimeinama. Redio inachosha, na umbea nao huisha. Nikaanza kuwasimulia kitabu chako. Nikifika mahali patamu nanyamaza, nasema iliyobaki utaikuta ukija kufumua. Wakawa wanarudi nywele zikiwa bado nzuri. Kuna mmoja alifumua kichwa cha juzijuzi kwa sababu tu alitaka kujua yule seremala wa kitabuni alioa au hakuoa. Kwa hiyo wasomaji wako ninao mimi, na wanakusikiliza kuliko hao wanaokusoma kitandani huku wakisinzia.

Nilisimulia kama ulivyoandika mpaka nikafika pale msusi anapoficha ugonjwa. Hapo ulimi ulikataa. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu mikononi, halafu nimwambie mwanamke yule alinyamaza kwa wivu? Nikasimulia ilivyokuwa.

Ilikuwa hivi. Mama alijua kwamba hatapona. Kule hospitali, daktari alipotoka chumbani, mama alinishika mkono akasema, "Usimwite mpaka amalize mitihani. Akija sasa atabaki hapa kuniuguza, na chuo hakitamwona tena." Nilibishana naye mpaka tukanuniana. Asubuhi ile ya mwisho akaniomba nimsuke. Alisema Kipenga wake akija asimkute anatisha. Hakuacha kukuita hivyo, kwa zile kelele zako za utotoni. Nilisuka polepole kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Kabla sijamaliza upande wa kushoto alikuwa ameondoka. Nikaumalizia. Ningemwachaje nusu?

Mwambie huyo katibu wako hakuna rundo la simu. Kuna wanawake waliolia kwenye kiti changu, na kila mmoja alipiga kura kwa kidole chake.

Dada yako

---

Tarehe 26 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Habari ya kusimulia naiamini, maana huyo ni wewe mtupu. Lakini hilo lingine nalishuku. Miaka yote hukusema. Siku ya mazishi nilikuuliza mbele ya watu kwa nini hukuniita, ukatazama chini kama mtu aliyekamatwa. Leo, baada ya kitabu kukuanika, ndipo mama anapata maneno, na maneno yenyewe yanakusafisha wewe. Ningeyakuta kwenye mswada wa mtu ningeyawekea alama pembeni, kwamba yamechelewa mno na yameletwa kumwokoa mhusika.

Nisamehe, ila nakwambia ninavyohisi. Unajua kusimulia, dada. Unawaliza watu kwa riwaya ambayo mimi sikuweza kumliza nayo hata mhariri wangu. Kumtungia mama sentensi mbili kutakushindaje? Kama yupo mtu mwingine aliyekuwapo, mtaje. Kama hayupo, nitamwambia katibu kwamba dada yangu alitia chumvi, na tuishie hapo.

Mdogo wako

---

Tarehe 30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hukunijibu, na sikulaumu. Naomba tu iwe ni hasira na si mgongo.

Kura zilipokaribia kufungwa katibu alinipigia tena. Safari hii alikuwa anacheka. Alisema wamepata kura moja iliyowavunja mbavu ofisi nzima, ya mtu anayedai kwamba yeye mwenyewe yumo kwenye riwaya. Ameandika hivi: "Imenigusa mama anaposukwa. Nilikuwapo, nilimshikia kioo, akaniuliza kama mwanawe wa chuoni atampenda hivyo."

Kwa katibu huo ulikuwa ushahidi wa mwisho kwamba tunamchezea. Nikamwuliza huyo mtu ni nani. Alisema wamempigia, na amejitambulisha kuwa muuguzi mstaafu wa hospitali ya mjini kwetu, anayesukwa kwako.

Nilikudai shahidi, nawe ukakaa kimya na shahidi yuko kwenye kiti chako. Niliweka simu chini, nikaingia stoo ya karatasi, nikalia mpaka fundi wa mashine akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna kilichoniangukia.

Katibu alinipa njia ya kutokea. Niandike kwamba sehemu hiyo ilikuwamo kwenye mswada wa kwanza na watu wa kwetu waliusoma, na kura zitahesabiwa. Nilitamani, dada, sikufichi. Riwaya yangu ya pili ilikuwa palepale mbele yangu. Nikamwandikia kwamba haikuwamo kwenye mswada wowote, kwa sababu mwandishi hakuijua. Nikasema wapiga kura ni watu wa kweli, walisikia jambo la kweli, na chenye kosa ni kitabu changu. Wamezifuta kura zote za mjini kwetu. Hawakunitangaza vibaya, nashukuru. Ameshinda mwingine, na mchapishaji sasa hapokei simu zangu.

Limeniuma na bado linaniuma. Lakini linaloniondolea usingizi ni wewe. Nimekuandika kwa ubaya, nikakuuza madukani, kisha nikakutaka unithibitishie kwamba huna hatia. Nisamehe.

Naomba unijibu jambo moja, hata kwa mstari mmoja. Siku ile ya mazishi nilipokuuliza, kwa nini hukusema? Mama alikuwa ameshaondoka. Mitihani ilikuwa imekwisha. Ulikuwa unamlinda nani?

Mdogo wako, Kipenga

---

Tarehe 9 Juni

Kipenga,

Marahaba. Mgongo haujambo. Ilikuwa hasira.

Muuguzi sikumtaja kwa sababu sikutaka uniamini kwa kuletewa shahidi kama niko kituo cha polisi. Nilitaka uniamini bure. Ndicho kiburi changu, utanivumilia.

Huku wateja wamenuna. Mmoja anasema alikisikiliza kitabu kizima shingo ikiwa imepinda, leo aambiwe hajakisoma. Wanauliza habari za hiyo riwaya ya pili. Nimewaambia mchapishaji anasuasua, wakasema mchapishaji wa nini wakati msusi yupo. Kwa hiyo ukiwa na nakala, usiitupe.

Sasa hilo unaloniuliza. Kuna maneno ambayo wateja sikuwapa, kwa sababu si yao. Hata muuguzi hakuyasikia, alikuwa amekwenda kurudisha kioo. Hapa sina shahidi. Yashuku ukitaka.

Nilikuwa nyuma yake, nasuka, simwoni uso. Akaniambia, "Atakasirika sana. Asinikasirikie mimi, maana sitakuwapo kumbembeleza. Mwache akukasirikie wewe."

Nikamwambia sawa, mama.

Kwa hiyo uliponisimamia msibani na kuniuliza, nilitazama chini kwa sababu ningekutazama ningesema. Nilijua utanuna mwaka mmoja, labda miwili, kisha utakuja nikubembeleze kama nilivyoagizwa. Hukuja. Nikangoja. Kikaja kitabu.

Nimeshakasirikiwa vya kutosha, mdogo wangu, na nimechoka. Njoo nyumbani sasa, nimalize nilichoagizwa.

Dada yako