Mfano wa Neno "Dear"

Baba Yunus,

Ugali na sato vya mchana viko jikoni, nimevifunika. Yunus yuko kwa shangazi yake, umpitie jioni ukitoka kazini. Asinywe maji ya ziwani, ya kuchemsha yako mtungini.

Asubuhi nilikuwa nafua uani, nikakusikia barazani ukimfundisha Suzana, mpangaji wetu, maneno ya Kiingereza. Ulimwambia "dear" lina maana mbili, ghali na mpenzi. Mfano wa ghali ukautoa kwa samaki. Mfano wa mpenzi ukautoa kwa jina lake: "My dear Suzana." Akacheka, ukarudia. Samaki hukumrudia.

Najua ana usaili wa uuguzi, na uhuru unakuja, nafasi zitakuwa nyingi. Kwa hilo simwonei kijicho. Lakini tangu unioe nakuomba unifundishe, na kila siku unasema umechoka. Kwake huchoki. Au jina langu halifai kuwa mfano?

~~Naenda Nansio kwa mama, usinifuate.~~ Hapana. Siondoki nyumbani kwangu.

Nimeshakwenda kujiandikisha darasa la Kiingereza la akina mama, pale ukumbini, na leo alasiri naanza. Mwalimu ni Ndalahwa, yule aliyeniposa kabla yako. Nilimwambia sijui hata neno moja. Akasema, "Usijali, Mwaija, tutakwenda polepole."

Chumvi imekwisha. Ukienda dukani, nenda peke yako.

Mama Yunus