Nilifuta Ubao wa Zaituni

Wanyange, Jinja
Jumatano

Mama yangu,

Natangaza mbele yako, na mbele ya yeyote utakayemsomea barua hii, kwamba mimi Mariam, mfagizi, nimeielewa Konjunktiv ya Kijerumani. Ilikuwa Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya hayo, asalaam aleikum. Goti linasemaje? Na yule kuku anayetagia kitandani mwako, bado hamjamchinja? Sisi wawili ni wazima. Mvua ni nyingi, na chumba kinavuja, upande wangu tu.

Kazi yangu unaijua: nafagia darasa ambamo mdogo wangu Zaituni anasoma Kijerumani ili aende kuuguza wazee wa huko, na wakimaliza nafuta ubao. Usilolijua ni kwamba sifuti kabla sijasoma, na ninachokipenda nakinakili.

Hiyo Konjunktiv ni ya mambo yasiyokuwapo: ningekuwa, ningefanya. Kwa Kijerumani kila kitenzi kinageuka sura. Mwalimu wao, bwana mmoja mpole wa Busiu, aliandika kwa lugha hiyo, "Ningekuwa wewe," na darasa zima likakwama. Mimi, mlangoni na ndoo yangu, sikuona ugumu. Naishi humo tangu wewe na Baba Mdogo mlipokaa mkaamua kwamba Zaituni ndiye aende, kwa kuwa mimi sekondari niliishia sinia ya nne.

Basi ubao ukiwa umejaa, simu ya Zaituni ikalia, akatoka nje. Ulikuwa wewe, Mama. Yeye unampigia mara tatu kwa wiki. Mimi unanisalimia kupitia kwake. Wenzake walikuwa wameshanakili. Nikachukua kitambaa nikafuta, mpaka kwenye pembe, ambako huwa sifiki.

Akarudi. "Dada! Umefuta?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Sijanakili hata nusu! Na mtihani ni Jumanne!"

"Ulikuwa kwenye simu."

"Na Mama!"

"Najua. Hajambo?"

Akajibu huku analia: "Anakusalimia."

Siku mbili hakusema nami. Jumamosi nikamkuta barazani na daftari tupu, anajikuna mikono mpaka inatoka damu, kama alivyofanya Baba alipofariki. Hapo nikashindwa. Nikaleta daftari langu na beseni la viazi. Yeye anamenya, mimi nafundisha, hadi alasiri.

"Nani alikufundisha haya?"

"Ubao."

Akanitazama sana. "Dada, wewe ndiye ungeenda."

Nikamwambia aangalie viazi, vinaungua. Havikuwa hata jikoni.

Sijamwambia kwamba nilifuta makusudi. Nakwambia wewe, kwa sababu akishapanda ndege nitabaki mimi wa kupigiwa simu, na sitaki uanze kunipigia bila kunijua. Wivu haujaisha. Paspoti yake nikiiona juu ya meza, naigeuza uso chini.

Nisalimie Baba Mdogo, afande wetu mstaafu wa magereza, na Bibi mzaa baba, na shangazi wa chapati hapo Malukhu. Mwambie za Jinja ni nyembamba.

Ni mimi, mwanao wa kwanza kuzaliwa,
Mariam

Nimesahau: mtihani ulifanyika jana. Konjunktiv haikutoka.